Harage Ndani ya Keki: Siku Tisa kutoka Paris hadi Athene

Jumamosi, 4 Januari. Paris

Safari hii ilianzia jikoni kwa bibi yangu, Muheza, miaka mingi kabla sijapata nauli yake. Bibi alizaliwa katika shamba la mkonge ambalo mwenyewe alikuwa Mgiriki, na baba yake alikuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba ya bwana shamba. Kila Mwaka Mpya baba huyo alirudi nyumbani na kipande cha mkate mtamu kilichofungwa kwa kitambaa, na mwaka mmoja, katika miaka ya 1950, ndani ya kipande hicho walikuta sarafu. Sisi wajukuu tulikuwa tukiuliza swali lile lile kila mara: nani aliitia sarafu ndani ya mkate, na kwa nini? Bibi alijibu kwamba ndivyo wafanyavyo Wagiriki. Mimi sasa naoka na kuuza keki Tanga kwa mwaka wa kumi na moja, na jibu hilo halijawahi kunitosha.

Nimeamua kuanzia mahali ambapo desturi hii inaonekana wazi zaidi mwezi wa Januari, kisha nirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea chimbuko lake. Mwenyeji wangu hapa Paris ni mama wa Bukavu, shangazi wa rafiki yangu, ambaye ameishi Ufaransa tangu ujana wake. Njiani kutoka stesheni alinisimamisha mbele ya kila duka la mikate. Madirisha yote yamejaa keki bapa za duara, rangi ya asali iliyokolea, na juu ya kila moja pamewekwa taji la karatasi ya dhahabu. Hii ndiyo galette des rois, keki ya wafalme, yaani wale Mamajusi walioifuata nyota hadi kwa Mtoto Yesu. Sikukuu yao, Tokeo la Bwana, ni tarehe 6 Januari, ingawa Kanisa la Ufaransa huiadhimisha Jumapili, na maduka huendelea kuuza keki hizo hadi mwezi unapoisha.

Jumapili, 5 Januari. Paris

Nilipendekeza tukanunue keki dukani. Mama alikataa. "Mwanangu, wewe ni mwokaji, utaifahamuje keki kwa kuitazama dirishani?" Saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha kufunga aproni.

Unga wake ni wa tabaka. Donge la unga, maji na chumvi hufungiwa siagi baridi ndani yake, likasukumwa, likakunjwa mara tatu, likapumzishwa kwenye jokofu, kisha likasukumwa tena, hadi siagi na unga vipishane kama kurasa za kitabu. Ajuaye kusokota chapati ya tabaka ataielewa kazi hii upesi, ila hapa siagi haitakiwi kuyeyuka hata kidogo kabla ya kuingia katika oveni. Tulikata duara mbili. Juu ya duara ya kwanza tulipaka rojo la lozi zilizosagwa, siagi, sukari na mayai, tukaacha ukingo wa upana wa vidole viwili bila kitu. Kisha Mama akafungua kopo dogo na kunipa kitu cha kuficha.

Kilikuwa kitoto cha kaure kilichoviringishwa nguo za kichanga, chenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, kizito kuliko nilivyotarajia na baridi kiganjani. Wafaransa wanakiita fève, neno ambalo maana yake ni harage tu. Kwa karne nyingi kilichofichwa kilikuwa harage kavu kweli. Sanamu za kaure zilianza kuingia katika keki hizi katika nusu ya pili ya karne ya 19, nyingi zikitengenezwa Ujerumani, na miongoni mwa za mwanzo zilikuwa za mtoto mchanga kama huyu wetu. Harage liliondoka, jina lake likabaki. Leo wapo watu wanaokusanya sanamu hizi kama wengine wanavyokusanya stempu, na jina lao la Kifaransa limetokana na neno la Kilatini faba, yaani harage lile lile.

Nilitaka kukichomeka katikati. Mama akaushika mkono wangu. Kitu hiki huwekwa karibu na ukingo, kwa sababu visu vyote hupita katikati, na kisu kikigusa kaure siri imefichuka. Tulifunika kwa duara ya pili, tukabana kingo kwa maji, tukazitia mikato midogo kwa mgongo wa kisu kuzunguka mduara wote, tukapaka ute wa yai, tukachora mistari iliyopinda kutoka katikati kama miale, na tukatoboa tundu moja dogo la kutolea mvuke. Ilipotoka katika oveni ilikuwa imeinuka karibu mara tatu ya kimo chake, nayo ilikuwa ikitoa sauti hafifu ya kupasuka, kama majani makavu yanapokanyagwa.

Jioni tulikuwa watu saba mezani, na Mama alikata vipande vinane. Mjukuu wake mdogo kuliko wote, msichana wa miaka sita, aliingia chini ya meza, kitambaa cha meza kikamfunika. Mama akawa anaelekeza kisu kwenye kipande na kuuliza, "Hiki cha nani?" na sauti kutoka chini ikawa inataja jina. Nilikitazama kitendo hicho kwa makini mno, kwa sababu nilihisi kwamba hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lote: anayegawa hachagui, na anayechagua haoni. Hapana awezaye kulalamika kwamba amepunjwa. Mara nikasikia "ti" ndogo kwenye jino la kijana aliyeketi kando yangu. Alikitoa kitoto cha kaure, akakipangusa, akavikwa taji la karatasi, na kila alipoinua bilauri sote tulipiga kelele kwamba mfalme anakunywa.

Kipande cha nane hakikuitiwa jina. Mama alikiweka kwenye sahani, akakifunika, akakipeleka juu ya kabati dogo karibu na mlango. "Hicho cha maskini," alisema. "Atakayebisha hodi."

Jumatatu, 6 Januari. Paris

Leo ndiyo sikukuu yenyewe, nami nimeitumia katika makumbusho ya Louvre mbele ya mchoro mmoja. Jacob Jordaens, mchoraji wa Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, aliyeishi kati ya 1593 na 1678, aliichora karamu hii mara kadhaa katika maisha yake, na mmoja wa michoro hiyo uko hapa. Mzee mnene amevaa taji, anakunywa, na watu wa nyumba yake wamebanana kumzunguka, midomo wazi, wakipaza sauti ile ile tuliyoipaza sisi jana usiku. Katika nchi ile watu walikuwa pia wakichota vikaratasi vya kuwapangia vyeo: huyu mnyweshaji wa mfalme, huyu tabibu, huyu mchekeshaji. Nyumba nzima iligeuka ikulu kwa usiku mmoja.

Mtoto wa chini ya meza ni wa zamani pia. Étienne Pasquier, mwanasheria wa Paris aliyezaliwa mwaka 1529, aliandika kuhusu desturi hiyo kama alivyoiona katika zama zake: mwenye nyumba humwita mtoto aliye chini ya meza kwa jina la Phoebe, kana kwamba anauliza kwa mungu Apollo wa watu wa kale, na mtoto hujibu kwa Kilatini, Domine, yaani Bwana. Kwa hiyo hata wakati huo watu walifahamu kwamba mtoto yule anasimama mahali pa mpiga ramli. Pasquier hakuwa na shaka kwamba kura hii imerithiwa kutoka kwa Warumi, na neno lake ndilo lililoipanga ratiba yangu ya siku zinazofuata.

Habari nyingine iliyonigusa ni ya Louis wa Pili, mtawala wa jimbo la Bourbon, aliyefariki mwaka 1410. Mwandishi wa habari za maisha yake anasema kwamba siku ya wafalme alitafuta mtoto wa miaka minane, maskini kuliko wote mjini, akamvika mavazi ya kifalme, akamketisha mezani na kuwaagiza watumishi wake wamhudumie kama mfalme. Kisha wageni wote wakamchangia fedha za kumsomesha. Baada ya Mapinduzi ya 1789 neno "mfalme" likawa la hatari, na keki ikapewa jina jipya, keki ya Usawa, lakini watu hawakuacha kuila. Na hadi leo keki kubwa ambayo waokaji humpelekea Rais wa Ufaransa katika ikulu ya Élysée kila Januari haitiwi harage wala haina taji, kwa kuwa haifai mfalme apatikane katika nyumba ya jamhuri. Hili si jambo dogo: dola nzima inakiri kwamba kitu chenye ukubwa wa ukucha kina maana.

Jumanne, 7 Januari. Kuelekea Montpellier

Treni ya mwendo kasi, safari ya muda wa saa tatu na nusu hivi. Mama alinifungia kipande cha maskini kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyebisha hodi. Nilikila karibu na Lyon.

Jumatano, 8 Januari. Montpellier

Huku kusini keki si ile. Ni mkate laini wa hamira na mayai, wenye umbo la pete kubwa, unaonukia maji ya maua ya mchungwa, juu yake vipande vya matunda yaliyokaushwa kwa sukari, mekundu na ya kijani, na punje nene za sukari. Ndugu yake yuko Hispania, roscón, na mwingine Ureno, bolo-rei. Kwa mlaji wa pwani yetu ladha yake iko karibu sana na nyumbani. Nimeonja maji yale ya maua nikakumbuka marashi ya sherehe za harusi.

Hapa nimejifunza jambo ambalo Paris sikuliona: huku, na Hispania pia, ndani ya mkate huwekwa vitu viwili, sanamu na harage kavu. Apataye sanamu ni mfalme. Apataye harage analipia keki ijayo. Muuzaji alinifungulia chupa ya maharage hayo nikashika moja. Si harage la kwetu. Ni pana, bapa, la rangi ya udongo, lile ambalo Waarabu huliita ful na kulipika asubuhi. Harage tulilolizoea, lile la kina mama sokoni, asili yake ni Amerika na halikufika Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Kila harage linalotajwa katika habari za Warumi na Wagiriki ni hili bapa.

Alasiri nilikwenda makumbusho ya Fabre kuutazama mchoro wa Jean-Baptiste Greuze wa mwaka 1774, uitwao Keki ya Wafalme. Hapa hakuna kelele za Jordaens. Ni nyumba ya wakulima. Baba ameketi na vipande vya keki ndani ya kitambaa, na mtoto mdogo kabisa wa familia ndiye anayechota, huku wengine wakimtazama kwa utulivu kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo. Nilikaa pale hadi mlinzi akaanza kunitupia jicho. Mchoraji ameiacha keki na sarafu na taji, akaushughulikia mkono wa mtoto tu.

Alhamisi, 9 Januari. Marseille, kisha Roma

Siku ya mabegi na foleni. Nimefika Roma usiku, mvua inanyesha.

Ijumaa, 10 Januari. Roma

Chini ya kilima cha Kapitolio, katika uwanja wa kale wa Forum, zimesimama nguzo nane za hekalu la Saturn. Sikukuu ya mungu huyo, Saturnalia, ilianza tarehe 17 Desemba na hatimaye ikawa ya siku kadhaa. Mahakama zilifungwa, watu walivua toga, vazi lao rasmi, mabwana waliketi meza moja na watumwa wao au wakawahudumia, na mchezo wa dadu, uliokatazwa siku nyingine, uliruhusiwa. Walipeana pia zawadi za sanamu ndogo za udongo na nta. Na katika karamu walipiga kura kumpata mfalme, ambaye amri zake lazima zitiiwe, hata zikiwa za kumtaka mtu aimbe au ajitangaze kwa aibu.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ametuachia tukio moja la kura hiyo ambalo si la kuchekesha. Desemba ya mwaka 54, Nero, aliyekuwa ametawazwa kaisari miezi miwili tu kabla, alicheza na vijana wenzake na kura ya ufalme ikamwangukia yeye. Akamwamuru Britannicus, mtoto wa kaisari aliyetangulia, asimame aimbe, akitumaini atachekwa. Kijana aliimba wimbo wa mtu aliyenyang'anywa kiti cha baba yake, na waliokuwapo wakamhurumia. Baada ya majuma machache Britannicus alikuwa amekwisha kupewa sumu. Nilizisoma habari hizo nimekaa kwenye jiwe lenye maji, nikazihisi tofauti na nilivyozisoma nyumbani: mfalme wa mchezo ni mzuri anapokuwa mtoto au mtumwa, kwa kuwa kesho anarudi alikotoka. Mfalme wa kweli akiipata kura hiyo, mchezo umeharibika.

Hata hivyo sikuipata keki hapa. Tacitus anataja kura, Lucian, mwandishi mwingine wa kale, anataja dadu, na hakuna kati yao anayetaja kitu kilichofichwa ndani ya mkate. Harage lenyewe Warumi walilijua kwa heshima nyingine. Mshairi wao Ovid anasimulia kwamba mwezi Mei, katika usiku wa mizimu, mwenye nyumba aliamka saa sita, akatembea peku, akatupa maharage meusi nyuma ya mgongo bila kugeuka na kusema mara tisa kwamba kwa hayo anajikomboa yeye na watu wake. Harage lilikuwa chakula cha walio hai na fidia kwa waliokufa. Kwa maoni yangu, Roma ilitoa mfalme wa kura, na Wakristo wa baadaye wakamhamishia kwenye sikukuu ya Mamajusi, wakamlaza ndani ya mkate. Lakini kwa nini kura na harage viwe kitu kimoja? Hilo linajibiwa ng'ambo ya bahari.

Jumamosi, 11 Januari. Athene

Ndege ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Agora, soko la kale, mahali ambapo mji huu ulijitawala. Katika makumbusho yake kuna bamba la jiwe lenye mistari ya nyufa nyembamba zilizopangwa safu kwa safu. Ni mashine ya kupigia kura. Raia alichomeka kitambulisho chake cha shaba katika ufa, na kando ya jiwe palikuwa na bomba lililomiminiwa vigololi vyeupe na vyeusi. Cheupe kikitoka, safu nzima imechaguliwa, cheusi kikitoka, wanarudi nyumbani. Nilitamani kuuchomeka ufunguo wangu nione unavyoingia.

Kabla ya mashine hizi za mawe kura ilipigwa kwa maharage, na Wagiriki walisema kwa kifupi kwamba mtu fulani amepata cheo "kwa harage". Tangu mwaka 487 kabla ya Kristo maarkoni, viongozi wakuu wa mji, walipatikana kwa njia hiyo, na wajumbe mia tano wa baraza pia. Mwanafalsafa Sokrate, inasemekana, hakupendezwa. Mwanafunzi wake Xenophon anaandika kwamba mshtaki wa Sokrate alimlaumu kwa kusema kwamba hapana anayemchagua nahodha wa chombo kwa harage, wala fundi seremala, wala mpiga filimbi, ingawa makosa ya hao hayaudhuru mji kama makosa ya watawala. Mtu wa pwani anaelewa hoja ya nahodha. Lakini nikikumbuka sauti ya yule mtoto chini ya meza, naelewa pia hoja ya upande wa pili: harage haliogopi tajiri na halina jamaa wa kumpendelea.

Jumapili, 12 Januari. Athene

Nimefika kwenye mkate wa Bibi. Unaitwa vasilopita, mkate wa Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia aliyefariki mwaka 379, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Januari. Majumbani hukatwa Mwaka Mpya, lakini parokia, shule, vyama na ofisi huendelea kuukata mwezi mzima, na hivyo nimekaribishwa katika ukumbi wa parokia moja baada ya ibada.

Wagiriki husimulia kwamba mtawala alitoza mji kodi nzito na watu wakakusanya dhahabu na vito vyao. Hatari ilipoondoka, hakuna aliyejua kipi ni cha nani. Basili akaagiza kila kitu kiokwe ndani ya mikate midogo, mikate ikagawiwa, na kila mtu akakuta chake. Ni hadithi ya kanisa, nami naipenda kwa sababu hapa aliyefichiwa hapati cheo. Anarudishiwa haki yake.

Mkate ulikuwa mpana kama sinia, umeandikwa mwaka kwa lozi, na ukumbi mzima ulinukia maganda ya chungwa. Padri alichora msalaba juu yake kwa ncha ya kisu mara tatu, kisha akakata akitaja kwa sauti: cha Kristo, cha Mama wa Mungu, cha Mtakatifu Basili, cha nyumba hii, cha maskini. Baada ya hapo ndipo walipoanza watu, wazee kwanza. Nilipata kipande changu na hakikuwa na kitu. Sarafu ilimwendea mama mzee aliyekuja na kiti chake cha kukunja. Aliibusu, akaitia ndani ya pochi, akaendelea kula.

Jioni nilimpigia Bibi simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umewaona hao Wagiriki?"

Nilimweleza kila kitu, tangu harage hadi msalaba. Nilipofika kwenye vipande vilivyotajwa, akanikatiza.

"Cha maskini walikikata?"

"Walikikata, Bibi."

"Basi ndicho kile. Baba alituambia alipewa cha maskini, maana wale wenyewe kukila hawakili. Nasi hatukuona vibaya, kilikuwa kikubwa kuliko vingine."

Nikamuuliza sarafu yenyewe ilikuwa ya aina gani. Hakusita. Ilikuwa thumni, alisema, ile yenye picha ya simba, na ilikuwa imeganda sukari. Mama yake aliiosha kwa majivu, akaisugua hadi simba akaonekana vizuri, akawapa watoto wote waishike kwa zamu, kisha Jumatatu yake akaenda nayo dukani kununua chumvi na mafuta ya taa. Na siku mbili nzima baadaye, Bibi alisema, vidole vyake yeye vilikuwa bado vinanukia chungwa.